Tulikwenda Thelathini, Tukarudi Thelathini na Mmoja

Nilipokuwa mtoto, watoto hawakuhesabiwa. Mgeni akimuuliza Bibi ana wajukuu wangapi, alijibiwa "wapo", na mgeni mwenye adabu aliishia hapo. Hata ng'ombe, baba aliwatazama tu wakiingia zizini akajua nani hayupo. Ukihesabu kwa sauti, walisema, kuna mwingine anayesikiliza, naye sasa anajua achukue wangapi. Wajukuu zangu wanahesabiwa kliniki, wanahesabiwa shuleni, na bado wapo wanamaliza sukari yangu. Lakini wakati huo nilikuwa darasa la tatu, miaka ile baada ya watu kuhamishiwa vijijini, na nilimwamini Bibi kuliko kitabu.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Ushirombo. Mwalimu Pius, kijana aliyetoka mbali, akatangaza kwamba Jumamosi tutakwenda kwenye bonde la mto kuona walipoishi watu wa kale. Sisi pale tulipaita Mahameni, yaani kwa watu waliohama, na hakuna aliyekwenda kuokota hata kuni. Wakubwa wakanung'unika. Wengine walisema Mwalimu anatafuta dhahabu, maana huku kwetu ukiinama kufunga kiatu watu wanadhani umeiona. Bibi hakujali dhahabu. Aliniambia jambo moja tu, akinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa.

"Wakiwahesabu kule, wewe usiwemo."

Hakueleza. Bibi hakuwa mtu wa kueleza.

Tulipofika ukingoni, Mwalimu alitupanga mstari kabla hatujashuka. Mimi nikasema nimebanwa haja, nikakimbilia nyuma ya kichuguu. Nikamsikia anahesabu kwa kidole, mara mbili, thelathini. Waliposhuka nikajichanganya nao.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mwalimu alituonyesha mawe yaliyopangwa duara, mawe ya kusagia yaliyolika katikati kama bakuli, vigae vya vyungu vyenye michoro, na mabonge meusi mazito aliyosema yanaitwa mavi ya chuma, mabaki ya waliofua majembe kabla babu zetu hawajazaliwa. Tulicheka kwa ajili ya neno mavi, lakini kwa sauti ndogo. Mtoto mmoja akauliza watu hao walikwenda wapi. Mwalimu akasema hajui, hakuna ajuaye. Angesema wamekufa tungetulia. Kufa tulikujua.

Wakati wa kurudi alisimama pale njia inapokuwa nyembamba, akawa anamgusa kila mtoto kichwani. Safari hii sikuwa na pa kujificha. Thelathini na mmoja. Akarudia. Akatuambia tujihesabu wenyewe, kila mmoja ataje namba yake. Thelathini na mmoja. Daftari la mahudhurio alikuwa ameliacha shuleni. Akakuna kichwa, akacheka, akasema asubuhi alikosea.

Hakuna aliyecheka naye. Kupungua tungekuelewa, huko tulifundishwa na bibi zetu. Kuzidi hakuna aliyetufundisha.

Ningefungua mdomo pale, yangeisha. Lakini kujificha kulikuwa na fimbo zake, na isitoshe nilijiona mjanja. Basi nikashika njia na wenzangu.

Njiani Shija, kiranja wetu, mvulana mkubwa aliyependa kusikilizwa, akauliza kwa Kisukuma, "Nani hapa hatujui kwao?"

Macho yote yakaenda mbele, kwa Zaituni. Alikuwa amekuja muhula ule na mama yake kutoka machimboni Geita. Walipanga chumba nyuma ya duka moja, mama akiuza maandazi. Hakujua Kisukuma, kwa hiyo alikuwa kimya, na kwa kuwa alikuwa kimya watu walisema anaficha kitu. Alivaa kandambili za mama yake, nyayo zake zikawa kubwa kuliko mwili. Hilo nalo likatajwa. Naye alitembea hatua chache mbele yetu, anasikia kila neno na haelewi hata moja.

"Asubuhi tukienda, nani alimwona?" Shija akauliza.

Akatugeukia mmoja mmoja.

"Mimi sikumwona," nikasema.

Nilikuwa nimemwona. Asubuhi ile alinikatia nusu ya andazi lake.

Kufikia Jumatatu kijiji kizima kilijua kwamba bonde limetuongezea mtu. Mwalimu Pius alisoma daftari mbele ya wazazi, jina la Zaituni lilikuwemo. Wakasema jina si ameliandika Mwalimu mwenyewe? Wengine wakasema Zaituni wa kweli amebaki kule na huyu ni mwingine. Hesabu hiyo haikai hata kwa mtu wa darasa la tatu, lakini mwenye hofu hakokotoi. Kisimani wanawake hawakuteka maji baada ya mama yake. Maandazi yakalala. Mdogo wake Shija alipopata homa, ambayo kila mtoto aliipata msimu ule, mwenye nyumba akawaambia Zaituni na mama yake watafute pengine.

Ndipo mama yake akaja kwetu. Neno la Bibi lilikuwa na uzito kijijini. Alipiga magoti, akasema shikamoo, Bibi akaitikia marahaba na kumpa kigoda. Mama Zaituni akasema mtoto huyu amemzaa mwenyewe, kwenye kibanda cha turubai, na mkunga alikuwa mpishi wa wachimbaji. Je, Bibi hawezi kuwaambia watu? Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Tutaona, mayu," yaani mama. Nami nilikuwa pembeni nabangua karanga.

Alipoondoka nikamwambia Bibi yote, kichuguu, namba, na lile la kutomwona. Bibi hakuacha kupepeta.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi na mimi hukuniambia."

Nikauliza, na Zaituni?

"Zaituni ana mama yake. Wewe una mimi."

Miaka mingi niliona kwamba Bibi alinificha mimi. Sikumaliza hesabu mpaka nilipofika umri wake. Macho yake yalikuwa mekundu, ya moshi wa kuni na samadi kwa maisha yake yote, na yeye alijua watu wa kwetu wanasema kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi, na wakishasema wanafanya nini. Ingejulikana kwamba aliyemtuma mtoto asihesabiwe ni yeye, wasingekuja kumwambia ahame. Mahame yale Bibi aliyaogopa kidogo. Majirani aliwaogopa sana, na hakukosea.

Zaituni na mama yake waliondoka kwa lori la pamba lililokuwa linaelekea Kahama. Nilikwenda kutazama, nikasimama pamoja na wengine kama vile sina langu. Zaituni alikuwa juu ya robota, amekumbatia karai la maandazi. Akaniona, akainama ukingoni.

"Kabula," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "mimi nilikuona nyuma ya kichuguu."

Hakusema kwa hasira, alinijulisha tu. Siku zote zile alikuwa anajua. Labda aliwaambia watu wakamdharau. Labda alijua hakuna wa kumwamini. Sikumuuliza, na lori halikungoja.

Sikusikia habari zake tena. Mimi mwaka uliofuata niliachishwa shule nimlee mdogo wangu. Katika darasa lile aliyesoma bila kufuata mstari kwa kidole alikuwa Zaituni peke yake, na kiti chake kilibaki kitupu kwa sababu ya mtu kama mimi, ambaye mpaka leo barua nasomewa.

Watu wanapenda kuuliza kama ningerudi siku zile ningefanya tofauti. Kwa Bibi, hapana. Ningenyamaza tena, maana niliyemnyamazia alikuwa bibi yangu, na alikufa kitandani kwake akiwa mzee sana. Lakini siku ile njiani Bibi hakuwepo, na wala nilikuwa sijajua kama kuna wa kumlinda. Lile la "sikumwona" sikutumwa na mtu. Nililitoa mwenyewe, mdomoni bado nina ladha ya andazi.