Mama Furaha alikufa na maneno yetu mane

Dada na kaka wa ukurasa huu, munisamehe kukawia. Tangu mvua zilizopita naandika, nafuta. Mufiche jina langu. Niko mama wa miaka makumi mbili na sita, wa Nyamitaba, sasa nimekimbilia Pinga.

Kwetu tulikuwa na kikundi cha akiba. Sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, funguo tukashika wamama watatu: mimi, Mama Neema na Mama Furaha. Mumoja akikosa, halifunguke. Vita ilipokaribia benki zikafungwa, na njiani feza ya mukononi ilikuwa inanyanganywa. Mucuruzi mumoja wa sokoni akatuwekea yote mu kripto, feza ya mu internet, mu telefone ya kikundi. Alisema telefone ikipotea, maneno kumi na mawili ya siri njo yatarudisha feza. Sisi tukafanya kama kwa sanduku: kila mumoja ashike maneno mane mu kichwa, asiandike, asiambie hata bwana yake. Tulijiona wenye akili.

Telefone ikachukuliwa kwenye barieri ya wenye bunduki, njiani tukikimbia. Mama Furaha akafia njiani, akizaa. Mimi njo nilishika kichwa chake. Midomo ilikuwa inatikisika, na mpaka leo sijue kama alikuwa anasali ao alikuwa ananiachia maneno yake. Mutoto aliishi, namunyonyesha pamoja na wangu mudogo.

Kila siku, nikitwanga sombe, majani ya muhogo, narudilia yangu chini chini nisiyasahau. Binti yangu mukubwa ameanza kuyaimba kama mchezo, namufunga kinywa. Nikinyamaza, naona ile midomo.

Sasa kuna kijana wa mu internet, hatumujue uso, anasema tumutumie maneno nane, mashine yake itatafuta yaliyobaki. Mama Neema amekubali. Mimi nimekataa. Akaniuliza mbele ya wamama wote wa kikundi, "Wewe unalinda feza ya marehemu, ao unaingojea ikuwe yako?"

Nikamujibu, "Mama, huyo kijana akikula yote, tutamushitaki wapi?"

Nilishaenda kuuliza mu biro ya serikali. Papa mumoja, mutumishi wa pale, akasema pole, hiyo feza hawaijue, hana fasi ya kuandika mashitaki yangu. Wenzangu wanasema ni heri hivyo, serikali ikiingia itakula kodi. Mimi nasema ikule. Inatoza hata kuku wa sokoni. Lakini kuwe na mulango wa kubisha, na muntu anayejulikana jina nyuma yake.

Wapendwa, musinitumie pole. Nahitaji hivi: muntu wa kunieleza kwa Kiswahili chepesi kama inchi yetu iko na sheria ya feza hii, ao inaitayarisha. Jina la biro inayoweza kutupokea. Maziwa ya unga ya mutoto asiyefikisha mwaka. Na fundi wa kweli, aniambie kama maneno mane yanaweza kupatikana bila mimi kutoa yangu. Kama haiwezekane, anitumie na namna ya kuwaambia wamama, kwa sababu kisha misa ya Jumapili wanangoja jibu langu.