Dirisha la Shubiri Moja

Shangazi alichapa kwa taipureta miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote mashine haikumwonyesha hata mara moja picha za harusi ya mtu. Ilikuwa na kazi moja, kama yeye: herufi, mstari, kengele, mstari mwingine. Mashine za siku hizi zina kazi mia na hazikuachi umalize hata moja, na watu wanaita hayo maendeleo.

Taipureta zilipotupwa, mtoto wa kaka yake, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, alimpa kiti mbele ya kompyuta. Shida ni kwamba Shangazi anapenda habari kuliko chai, na kwenye skrini ile habari zilichomoza kila kona: nani kaolewa, nani kanenepa, sufuria zipi zimeshuka bei. Juzi alichapa barua ya rambirambi, na baada ya "tumempoteza mtu wa watu" akaandika "wahi kabla hazijaisha".

"Shangazi, nakuheshimu, lakini uso wangu nitauweka wapi?" alisema mwenye duka. "Kazi ya leo ikiharibika, kesho unahamia kwenye mashine ya kopi."

"Mimi? Niliyekuchapia hata barua yako ya kuombea kazi?"

"Na kazi sikupata."

Kazi yenyewe ilikuwa hotuba ya mwalimu mkuu mstaafu, kurasa tisa za mwandiko wa mkono. Angeifuata saa sita, aisome mbele ya wahitimu saa nane.

Shangazi aliapa kimoyomoyo kwamba kwenye kopi haendi. Pale mtu anasimama kutwa akibonyeza kitufe kimoja, vidole vingine tisa vimebaki mapambo. Akafunga kila kilichokuwa wazi. Akashika pembe ya dirisha la kuandikia kwa mausi, akalivuta ndani, akalivuta tena, hadi likabaki upana wa shubiri moja na mistari minne tu. Pembeni kote buluu tupu, haina umbea.

Moyo ukatulia. Vidole vikakumbuka enzi zao. Na mazoea yao ya zamani hayakuwa yamewatoka hata kwenye kompyuta: kila mstari ulipokaribia ukingo wa dirisha lile jembamba, kidole kidogo kiligonga enta, kama mkono ulivyokuwa ukiirudisha rola kuanza mstari mpya.

Saa sita kasoro printa ikaanza kutema karatasi. Maneno yalishuka upande wa kushoto kama utepe, manne manne, matano matano, na nusu ya pili ya karatasi nyeupe pe. Kurasa tisa zikawa ishirini na moja.

"Hii ni hotuba au orodha ya sokoni?" aliuliza mwenye duka.

"Ni hotuba. Tafuta kosa humo, ukilipata naenda kwenye kopi kwa miguu yangu."

"Imekonda, Shangazi! Kama imetoka kuugua!"

Kabla mwenye duka hajaigusa kibodi, mwalimu akaingia, akazinyakua karatasi na kuanza kuijaribu sauti pale pale kaunta. Akasoma mstari, akainua macho kuwatazama wateja wawili waliokuwa wakingoja, akayashusha, akaendelea. Akafanya hivyo kurasa nne nzima bila kukwama.

"Nani kaichapa hivi?"

Mwenye duka alikohoa. "Tuwie radhi, Mwalimu, ni shangazi yangu. Tunairekebisha sasa hi..."

"Urekebishe nini? Mimi kila nikiinua macho, nikiyarudisha mstari nimeshaupoteza. Nasoma sentensi moja mara mbili, watoto wanacheka. Leo sijapotea. Usiiguse!"

Akaondoka nayo akiendelea kusoma njiani.

Mwenye duka alibaki akijikuna kisogo. "Haya. Kiti ni chako. Lakini barua za watu wengine zitoke pana, Shangazi. Enta usiibonyeze mpaka mwisho wa aya, mistari inajikata yenyewe."

"Inajikata yenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwaka mzima nimekaa hapa kidole kinaniuma, leo ndiyo unaniambia!" Akaliacha dirisha lake shubiri moja vile vile, akanyoosha mkono. "Lete barua inayofuata, na usinisemeshe."