Neno "Endelea" Juu ya Nanyuki

Nilipanda ndege mara ya kwanza kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, nami nilikuwa nesi katika hospitali moja mjini Nyeri. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Jumatano asubuhi simu ilitoka Nanyuki: mama mmoja amejifungua na damu haikatiki, hospitalini hawana damu ya kumwongeza, na daraja la kabla ya Naro Moru limechukuliwa na maji.

Daktari wetu aliniita. "Sista Zuhura, ndege imepatikana. Kuna chupa nne za damu, lakini zinahitaji mtu wa kuzishika."

Nilipita nyumbani, mtaa wa Majengo, kumuaga mama yangu. Aliniuliza nitarudi lini, nikamwambia jioni. Sikurudi jioni hiyo.

Saa tatu tulikuwa kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Mweiga. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Mlango wake ulifungwa kwa komeo jepesi kama la kabati. Rubani alikuwa Bwana Githinji, mtu wa Endarasha, mmoja wa Waafrika wachache waliokuwa na leseni ya urubani siku hizo.

"Sista, umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi."

"Basi usiangalie mikono yangu. Angalia mlima."

Nilikaa kando yake, sanduku la barafu mapajani, chupa zikiwa ndani zimefungwa kwa taulo. Sauti ya redio ilitoka kwenye spika juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kila alichosikia yeye nilikisikia na mimi.

Juu ya Kieni mvua ilikuwa imepumzika. Kulia mlima ulikuwa umejifunika mpaka mabegani. Kushoto, chini ya milima ya Nyandarua, Githinji alinionyesha bati moja lililong'aa.

"Hapo ni kwa mama. Akisikia ndege anatoka na kupunga leso. Ati anajua namwona."

"Unamwona?"

"Simwoni. Lakini sijamwambia."

Tulicheka. Chini yetu barabara nyekundu ilikuwa imekatika mahali pawili, na watu walikuwa wamesimama na mizigo yao wasijue la kufanya.

Karibu na Nanyuki mawingu yalishuka, tukapita chini yake. Kiwanja kilikuwa nje ya mji, na kando yake mnara mfupi wa mbao ambamo mtu mmoja alikaa na redio kuziongoza ndege. Githinji alimwita kwa Kiingereza, lugha ya kazi hiyo. Alitaja ndege yake, akasema amekaribia na anataka kutua. Sauti ilijibu katikati ya mikwaruzo, kwa Kiingereza hicho hicho, maneno mawili ambayo kwetu ni neno moja tu: endelea.

Githinji akaendelea. Injini ilipungua sauti, pua ya ndege ikainama. Niliona uwanja ukinyooka mbele, nyasi zimekatwa upande mmoja tu, nikajiuliza kwa nini upande mmoja. Hapo ndipo nilipoiona trekta. Ilikuwa katikati kabisa, ikivuta mashine ya kukata nyasi, na dereva alikuwa ametugeuzia mgongo.

"Trekta!" nikapiga kelele.

Wakati huo huo spika ilitoa mlio mkali uliochoma masikio. Baadaye nilielezwa kwamba mtu wa mnarani alikuwa akisema, "Usitue! Usitue!" na Githinji naye alikuwa amebonyeza kitufe kutoa taarifa. Wawili wakisema pamoja kwenye redio ile, hakuna anayemsikia mwenzake.

Githinji alisukuma mkono wa injini mpaka mwisho. Ndege ilitikisika, ikasita, kisha ikainuka. Nilimwona dereva akijitupa kwenye nyasi, kofia yake ikibaki kwenye kiti. Halafu kitu kikapasuka ndani ya sanduku. Baridi ilipenya sketi yangu, na nilipotazama chini, yaliyokuwa yakichuruzika hayakuwa maji matupu.

Tulizunguka mara moja. Kisha sauti ya mnarani ikarudi, safari hii polepole: trekta imeondoka, uwanja uko wazi, nawe una ruhusa ya kutua. Githinji aliyarudia maneno hayo yote, moja moja, ndipo akatua.

Saa nne na nusu nilikuwa hospitalini. Daktari wa Nanyuki alihesabu chupa kwa macho.

"Tuliambiwa nne."

"Moja imevunjika njiani."

"Tatu hazitamfikisha."

"Mimi ni kundi O," nilisema. "Chukua yangu."

Nililazwa kitanda cha pili kutoka kwa mama yule. Aliitwa Nyambura, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mchana kutwa nilimtazama. Alasiri alifumbua macho akauliza kama mtoto amenyonya, na nesi wa pale akageukia dirishani, akafuta machozi.

Daktari alinikataza kusafiri siku hiyo. Jioni alikuja mtu mrefu, ameshika kofia mkononi. "Mimi ni Muriuki," alisema. "Ndimi niliyekuwa mnarani. Mama anaendeleaje?" Nilipomwambia ni mzima, aliketi kwenye benchi. Kisha akatualika kwake mimi na Githinji.

Mkewe, Mama Kendi, alituandalia mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, na nyama. "Sista, wewe nimekupikia maharagwe," alisema. "Nyama hii haikuchinjwa kwa njia yenu Waislamu." Nilimshukuru. Wanaume wawili walikula bila kutazamana, mpaka Muriuki akaweka kijiko chini.

"Nilikuambia uendelee kusema. Nilitaka unieleze uko wapi, ndio nikwambie uzunguke mpaka trekta itoke."

"Hukusema 'kusema'. Ulisema 'endelea'."

"Kila siku tunasema hivyo."

"Kila siku hakuna trekta."

Taa ya mafuta ilikuwa kati yao. Githinji alisema kwa sauti ya chini, "Lakini nilikuwa na haraka, Muriuki. Nilikuwa na damu. Hata ungeniambia 'habari ya asubuhi', mimi ningesikia 'tua'."

"Na mimi," Muriuki akajibu, "nilisikia ni sauti yako. Angekuwa rubani mgeni ningemwambia maneno yote. Wewe nilikuona mtu wangu, nikajua utaelewa."

Mama Kendi alituongezea chai. Niliwaza zaidi juu ya jibu hilo kuliko juu ya trekta.

Alhamisi asubuhi tuliondoka. Redioni Muriuki alisema, Githinji akarudia. Githinji akauliza, Muriuki akarudia. Ilichukua muda zaidi. Kufikia saa tatu nilikuwa Nyeri, na mama alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri.

Wiki iliyofuata mzee mmoja mwenye kikohozi alikuja kuchukua vidonge. Nilimweleza kama nilivyowaeleza wengi: viwili kila siku, mwezi mzima, hata akijisikia amepona.

"Umeelewa, mzee?"

"Ndiyo, Sista." Akainuka.

Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje. Zamani ningeita mwingine.

"Hebu niambie utavimeza vipi."

"Viwili nameza leo," alisema kwa furaha. "Hizi zingine napelekea bibi yangu. Yeye pia anakohoa."

Nikamvutia kiti, tukaanza upya.