Vitone Vitatu vya Msumari

Mtu akiingia chumbani mwangu siku hizi huona kitanda, ndoo na kisufuria kimoja, akadhani mie ni mwanamke mvivu asiyejua kuweka nyumba. Simjibu. Lakini wale walionimaliza bado wanatembea juu ya ardhi, na wanaamkiwa shikamoo njiani kama watu wema, nami nimeona niyaandike kwa mkono wangu huu. Mwandiko mbaya. Chuoni niliishia juzuu ya Amma, na herufi za kizungu nimejifunza ukubwani. Majina sitayaandika. Waitwe vile nilivyowaita: shemeji yangu, wifi yangu na shoga yangu. Wenyewe watajijua.

Kwetu Kimbiji. Nilipoolewa Temeke, na kuli wa bandarini, mama hakukubali nitoke mikono mitupu. Alikusanya vyombo miaka saba, kimoja kimoja, kwa kuuza chumvi na nazi. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa sufuria ya shaba ya kupikia watu mia, ambayo naye aliachiwa na mama yake. Tulivivusha Kigamboni, mie nimekaa kwenye pantoni nimeikumbatia ile sufuria. Shoga yangu alikuwepo. Tumekua naye Kimbiji, akaolewa Temeke mwaka mmoja kabla yangu, na siku hiyo alikuja kunipokea ng'ambo akajitwika masinia yangu kichwani mpaka nyumbani. Hilo naomba msomaji alishike.

Mama aliniambia, "Mwanangu, kitu kisicho na kwao ni cha kila mtu." Basi mle chumbani kila kitu kilikuwa na kwao. Sahani zilisimama kwenye uchaga, za bati juu, za udongo chini. Kawa za kufunikia chakula zilining'inia ukutani kwa ukubwa wake. Mvunguni sufuria kubwa ililala kifudifudi, masinia manne yameegemea ubavuni mwake. Kinu pembeni, mchi ndani ya kinu, mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya mlango. Taa ikizimika, nilikuwa nanyoosha mkono na kushika upawa bila kupapasa. Mume wangu alikuwa akinicheka: "Humu ndani hata panya wana foleni."

Na nilikuwa na uzi. Uzi wa katani, nimeufunga mafundo ishirini na saba, fundo kubwa kwa kila sufuria, mafundo pacha kwa kila sinia, madogo kwa sahani na mabakuli. Ulitundikwa kwenye msumari. Temeke yetu ile, mtu akiwa na shughuli, harusi au maziko, haendi dukani, anapita nyumba kwa nyumba kuazima. Kila chombo kikitoka nilichomeka kwenye fundo lake kipande cha kanga kuukuu, rangi yake kwa aliyeazima. Chombo kikirudi, nakitoa kitambaa. Miaka kumi na mbili sikupoteza hata kijiko.

Ila mara moja nilirudishiwa sinia si langu. Ilikuwa baada ya harusi moja Mbagala. Langu zito, lile nililoletewa jepesi na limetoboka. Nikaenda, tukazozana, mwenye harusi akaniuliza, "Alama yako iko wapi?" Sikuwa na alama. Uzi wangu ulijua kuhesabu, haukujua kusema kipi ni kipi. Mume wangu akasema tuvitie alama vyote.

Fundi wa kutia sufuria bati alikuwa akipita mtaani kwetu kila baada ya Idi. Nikamtolea vyombo uani. Shoga yangu alikuja kunisaidia kushika, maana sufuria ile mtu mmoja haiwezi. Fundi akaweka msumari kwenye ukingo, akainua nyundo, akauliza, "Nipige ya bibi au ya bwana?"

Tukacheka, mie na shoga yangu. Ya bibi. Nani alipata kusikia? Chombo cha mtu mwenye mume huitwa kwa nyumba ya mume. Ningetia alama yangu, wanawake wenzangu wangesema nyumba ile haina mwanamume, au mwenyewe anajiweka tayari kwa talaka.

"Ya bwana," nikasema.

Mume wangu alikuwa na alama yake ya bandarini, vitone vitatu, viwili chini na kimoja juu, kama mafiga. Alikuwa ameipiga kwenye mpini wa kulabu yake ya kubebea magunia ili wenzake wasiichukue. Fundi akaipiga hiyo hiyo kwenye sufuria, kwenye masinia, kwenye vyote vya chuma na shaba. Kwenye kinu na kibao cha chapati aliichoma kwa msumari wa moto.

Shoga yangu akasema, "Shoga, mumeo unamchanjia chale sufuriani?"

"Ili asipotee," nikamjibu.

Tulicheka tena. 

Mume wangu aliugua siku tano, homa na kifua, ya sita tukamzika. Hatukujaliwa mtoto. Chumba kilikuwa cha kupanga. Alichoniachia ni mazoea mema na njaa. Lakini sikuogopa sana, nasema kweli. Nilikuwa tayari nimeanza kuitwa kupika pilau kwenye shughuli za watu, naenda na sufuria yangu, maana pale mtaani nyingine ya ukubwa ule haikuwepo, na wakati ule wa vita vya Wazungu shaba ilikuwa haionekani hata kwa dawa. Nilijiambia: nikimaliza eda, sufuria itanilisha. Nikiwa na sufuria nitakaa Temeke, nitakula jasho langu. Nikiikosa, nitarudi Kimbiji nikae kipenuni kwa mke wa kaka yangu, ambaye hata maji ya kunywa hukupimia kwa jicho.

Eda ya mume ni miezi minne na siku kumi. Kwetu ilikuwa na masharti kupita hata yale ya kitabuni. Nilikaa ndani nyuma ya pazia, sionani na mwanamume, na sauti yangu mwanamume asiisikie. Aliyekuja kukaa nami ni wifi yangu, dada wa marehemu, anayeishi Mtoni na kaka yao mkubwa, ndiye huyo shemeji yangu. Alinihudumia vizuri, uji kwa wakati, maji ya kuoga kwa wakati. Na macho yake yakitembea. Siku moja akaniuliza, "Wifi, huu uzi wa nini?" Nikamweleza wote, fundo kwa fundo, kwa majivuno. Nilimpa mwizi ufunguo nikamwonyesha na tundu lake.

Ikafika arobaini. Asubuhi wifi akaja pazani.

"Wifi, khitma tunasomea kwetu Mtoni, huku hapatoshi. Tunachukua vyombo."

Nani angekataa vyombo kwa khitma ya mumewe? "Chukueni," nikasema. "Nipe uzi wangu hapo msumarini."

Akanipa. Nikakata vitambaa vyeupe, rangi ya msiba, nikakaa kitandani uzi mapajani. Sikuhitaji kuona. Masinia yalitoka, moja, mbili, tatu, nne, kila moja na mlio wake. Nikachomeka. Sufuria kubwa ikaburutwa kutoka mvunguni, pazia likanigusa magoti, nikasikia shemeji na mwanamume mwingine wakihema ukumbini. Nikachomeka. Sahani, mabakuli, birika. Nikachomeka. Kisha nikasikia kinu kinaviringishwa. Nikajiambia sawa, watatwanga viungo. Mbuzi ya nazi, sawa. Halafu kikatoka kibao cha chapati.

Mkono wangu ukasimama. Pilau haisukumwi kwenye kibao.

Nikaita polepole, "Wifi, hicho kibao cha nini?"

Akaingiza kichwa pazani, kidole mdomoni. "Sauti yako, wifi. Shemeji zako wako ukumbini. Unataka kumharibia marehemu eda yake?"

Shoga yangu alikuwa uani siku hiyo. Nilimsikia akisema, "Jamani, mnahama?" Wakacheka, naye akacheka. Hakuingia ndani kunitazama. Baadaye nilijua aliondoka na ungo wangu na kawa mbili, wifi alimpa akasema ni za kumshukuru kwa kazi.

Nami nikanyamaza. Wanawake wa leo wakisikia hunishangaa, husema wao wangepiga kelele mtaa ujae. Labda. Mie nilikaa na adabu yangu nikisikiliza nyumba yangu ikitoka mlangoni, mpaka mafundo ishirini na saba yakawa meupe yote, uzi ukawa kama ua lililochanua. Chumba kilipobaki kitupu hata kukohoa kwangu kulirudi kwa mwangwi.

Nilikaa siku tisini zilizobaki nikijidanganya kwamba vitarudi. Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa, nikaenda Mtoni kwa miguu na uzi wangu kwenye pindo la kanga.

Shemeji alikuwa barazani anakata kucha. Akanikaribisha vizuri, akaagiza niletewe maji. Yakaja kwenye bakuli langu.

"Shemeji, nimefuata vyombo."

"Vyombo gani, shemeji yangu?"

"Vile vya khitma."

"Aa, vya ndugu yangu." Akapuliza kucha. "Hivyo vimerudi kwao. Wewe robo yako ya urithi utapewa, sie si watu wa kudhulumu."

Nikamwambia ni vya mama yangu. Akaniita ndani kwa upole, akapindua sinia, akaweka kidole changu, kidole changu mwenyewe, juu ya vile vitone. "Hii alama ya nani?"

Nikaenda kwa kadhi. Mtu mzima, mpole, alinisikiliza mpaka mwisho, wala sina neno naye. Nilimtolea uzi. Karani wake akaushika kwa ncha ya vidole akasema, "Bibi, kamba haina ulimi." Kadhi akamkanya, kisha akaniuliza, nani alikuona ukija na vyombo hivi? Mama alikuwa ameshafariki. Mjomba aliyenisindikiza alikufa hukohuko Kimbiji. Pantoni imejaa watu, lakini nani anakumbuka sufuria ya bibi harusi? Nikasema, yupo shoga yangu, alibeba masinia kwa kichwa chake.

Akaitwa. Alivaa buibui jipya. Hakunitazama.

"Nilikuwa naviona mle ndani," akasema. "Vilitoka wapi, mie sijui."

"Shoga," nikamwambia.

"Sijui," akasema tena, akiitazama sakafu.

Kwa kuwa sikuwa na shahidi, kiapo kikaenda kwa shemeji. Akatia udhu, akaweka mkono kwenye msahafu, akaapa kwamba alama iliyo kwenye vyombo vile ni ya marehemu ndugu yake. Na hapo ndipo nilipovunjika, maana hakusema uongo. Alama ilikuwa ya ndugu yake. Niliiagiza mie, nikamshikia fundi, nikacheka.

Nilipewa robo yangu: kisufuria kimoja, sahani mbili na upawa. Kodi ya chumba ilinishinda. Kimbiji nilikwenda, nikakaa kipenuni miezi minane, nikarudi. Njaa ya kwa watu nayo huhesabiwa, na mke wa kaka hakuhitaji uzi. Sasa ninapanga chumba hiki Mtoni, nyuma ya soko. Na kazi niliyoipata ndiyo ile ile. Wifi yangu huitwa kupika pilau kwenye shughuli za watu, kwa sufuria ile, nami ndiye ninayeshika kuni na kukoroga. Huniita "Bi mpishi" mbele za watu. Mwenye shughuli humlipa yeye, yeye hunipa ukoko na kinachobaki.

Mara ya kwanza walipoiteremsha mafigani mbele yangu, nilidhani sitaweza. Niliweza. Mwanamke mwenye njaa huweza. Tulipomaliza wakaniachia niioshe uani. Niliisugua kwa mchanga na majivu nikaufikia ukingo. Vitone vitatu, viwili chini, kimoja juu. Nikaokota jiwe, na msumari uliokuwa kwenye kuni, nikapiga cha nne, pembeni kidogo, kwa nguvu zangu zote.

Nilipoinua uso shoga yangu alikuwa amesimama mlangoni na mkungu wa ndizi, mgeni katika shughuli hiyo. Alikuwa ameona. Mwaka ule, siku mbili kabla ya Ramadhani, alikuwa amenijia kuomba tusameheane, kama ilivyo desturi, nami nilimjibu, "Ungo nimekusamehe, na kawa. Lile neno 'sijui' bado liko hapa." Hatukusemeshana tena.

Sasa alitazama msumari, akatazama ukingo. Wifi akaja nyuma yake, akasikia mlio wa shaba ukiisha, akauliza, "Nini hicho kinagongwa huko?"

Shoga yangu akasema, "Sijui."

Akaenda zake na ndizi zake. Kitone cha nne kipo mpaka leo, wifi hajakiona au anajitia hajakiona. Sufuria bado ni yao. Uzi wangu uko ukutani, vitambaa vyeupe vimegeuka rangi ya vumbi, na vingine mende wamevila. Sijavitoa. Kitambaa hutolewa chombo kikirudi.