Lesepase ya Mgongoni

Kila Jumapili mama yangu alinivua nguo mbele ya kanisa zima. Alinivua kwa mdomo, na mdomo wa mama yangu, jamani, haukuwa na breki.

Kanisa letu pale Rubondo lilikuwa la udongo, mlango wa turubai, na saa ya ushuhuda ndiyo ilikuwa utamu wenyewe. Karibu wote mle tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, na kila mtu alikuwa na safari yake iliyomfikisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Wengine walisimulia wakalia. Mama alisimulia watu wakashika mbavu.

Safari yake ilikuwa hivi. Vita vilipofika kwetu, mwaka wa tisini na sita, alikimbia akiwa amenifunga mgongoni kwa kikwembe. Baba hatukumwona tena. Njiani wakakuta bariyeri: askari wamelaza gogo barabarani, wanapekua wanawake mmoja mmoja, na wengine walikuwa wanapelekwa vichakani, hawarudi. Askari mmoja, "soda" kama mama alivyomwita, akaona mgongo wa mama umevimba, akauliza umeficha nini humo. Hapo mama aligeuka pale mbele, akawainamishia waumini mgongo, akapaza sauti:

"Nikamuambia, tia mukono, papa!"

Na kanisa zima, wazee kwa watoto: "Tia!"

"Akatia!"

Basi tena. Mimi nilikuwa naharisha tangu alfajiri. Mkono wa askari uliingia mzima ukatoka umepakwa, na matusi aliyoyatoa askari, mama aliyaigiza kwa sauti nene ya kiume. Askari akawafukuza wapite upesi, mama na wanawake wote waliokuwa nyuma yake, kwani kila mmoja alianza kupiga kelele kwamba na wake anaharisha. "Bengine balikuwa na lesepase ya karatasi, ruhusa ya kupita yenye muhuri," mama alimalizia. "Miye lesepase yangu ilikuwa mumugongo, inanuka!" Vigelegele, ngoma, watu wanasimama kucheza. Nami nipo benchi la mbele, nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

Kwenye foleni ya maji watoto waliniita Lesepase. Nikaota matiti, bado Lesepase. Kulikuwa na mvulana wa kwaya niliyempenda mpaka usingizi ukanipaa, na siku aliyonisemesha kwa mara ya kwanza alisema, "Wewe si ndiye Lesepase?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipomlilia mama aache, alicheka tu. "Mficha uchi hazai, mutoto yangu. Bote bale balipita juu yako. Ungekuwa mukavu siku ile, tungekuwa wapi?"

Nilikwenda sekondari Mbarara, shule ya bweni upande wa Ruharo. Wasichana waliponiuliza kwetu ni wapi, nikasema Kisoro, nijifanye mtoto wa Uganda. Mama alipokuja kunitembelea na mahindi yake ya kuchemsha, nilimkimbilia getini ili asipate nafasi ya kufungua kinywa, nikamrudisha stendi haraka haraka. Watu husema mkataa kwao mtumwa. Waseme. Hawakuitwa Lesepase wao.

Halafu nikapata mchumba, mtu wa Kakiika, karibu na Mbarara. Kwao ni watu wa ng'ombe, watulivu, wasiokohoa ovyo mbele ya wakwe. Nilijua kwamba siku ya harusi wazazi hupewa maiki, na mama yangu akipewa maiki tumekwisha. Kwa hiyo wiki moja kabla nilikwenda Rubondo. Nilimkuta nje, anapepeta maharage.

"Mama, siku ile usiseme habari ya bariyeri."

"Hata ile ya kicheko?"

"Hasa hiyo. Kama lazima useme, mimi usinitie humo. Usinitaje kabisa."

Ungo ulisimama. "Sasa bila wewe, niseme nilipitaje?"

"Sema ulipita tu!"

Niliisema kwa ukali, kama namfokea mtoto. Alinitazama kidogo, kisha akarudi kwenye maharage. "Haina mambo," akasema.

Siku ya harusi watu wa kanisa letu walikuja kwa lori, wakakaa hema la nyuma. Mama alipopewa maiki, niliwaona wakigusana viwiko, wamejiandaa. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kilemba kimekaa sawasawa. Alisimulia vita, akasimulia barabara, akafika kwenye gogo.

"Soda akaangalia mugongo yangu," alisema. Mkono wake ukaenda nyuma, kama ulivyokwenda kila Jumapili, ukapapasa kitenge, ukarudi. "Akaniangalia tu. Akasema, pita. Nikapita. Nilikuwa peke yangu. Mungu ni mwema."

Kwenye hema la nyuma watu walitazamana. Bibi kizee mmoja, ambaye labda masikio yake hayakusikia vizuri, aliitikia peke yake, "Tia!" Wenzake wakamnyamazisha. Wakwe zangu walipiga makofi ya heshima.

Nitasema ukweli, nilishusha pumzi. Nilifurahi! Niliona nimeshinda, nikaanza kula kwa raha.

Chakula kilipokuwa kinaendelea, baba mkwe alikuja mezani kwetu kumsalimu mama. Alimpa mikono yote miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini moyo wake ulikuwa mzuri.

"Pole sana, mama. Kutembea peke yako namna ile, bila mtu, si mchezo. Na huyu binti yetu? Yeye alizaliwa wapi?"

Mama alinigeukia, akanisubiri. Ilikuwa zamu yangu. Neno moja tu lingetosha, na baba mkwe yule asingenicheka, leo najua. Aibu iliyonipanda wakati ule haikuwa tena ile ya mavi. Ilikuwa ya mkono ule uliopapasa mgongo ukakuta hakuna mtu. Na bado sikusema.

Mama yangu, ambaye mpaka siku ile hakuwahi kudanganya hata kwenye foleni ya posho kambini, alitabasamu kwa niaba yangu.

"Ule? Ule alizaliwa huku huku, papa. Mambo ya njia haijui."

Nilikuwa na nyama mdomoni. Nikaendelea kutafuna.