Uani Kuna Wanawake

Mie nina mdomo, kila niliyemsomesha anajua. Lakini habari hii sijapata kuisimulia mpaka mwisho. Kila nikiianza naikatiza pale ambapo bado naonekana mtu wa maana.

Mama alikatwa mguu wa kulia kwa maradhi ya sukari. Tuliporudi kutoka hospitali na kiti chake cha magurudumu, ndipo nilipoitazama vizuri nyumba yetu, hapa nyuma ya uwanja wa Gombani. Ni nyumba ya mawe aliyoijenga babu enzi za mikarafuu. Kutoka ukumbini kushuka uani kuna vipandio vitatu virefu, vimemeguka kama mkate mkavu, na choo kipo mwisho wa ua. Kiti hakishuki. Basi nikawa nambeba mama mgongoni, asubuhi kabla sijaenda skuli na mchana nikirudi. Kati ya hapo alikuwa na ndoo chumbani.

Mikarafuu iliuzwa kabla sijazaliwa, lakini maringo yake tulirithi yote. Sisi hatuombi. Nimelelewa kwa neno hilo, nami nikalishika kuliko nilivyoshika mambo mengine ya maana zaidi.

Siku moja sheha wetu, kiongozi wa mtaa, akapita kutuarifu kwamba baraza la mji linatengeneza nyumba za watu wasioweza kutembea. Wanajenga njia ya mteremko ya saruji, wanatia vyuma vya kushikia na choo cha kukaa. Watakuja watu kukagua kwanza, waone nani ana shida kweli. Mama hakuficha furaha yake.

"Waje," alisema. "Miye nataka kitu kimoja tu. Niingie chooni mwenyewe, nifunge mlango."

Hakuna aliyemsikia vizuri kuliko mie. Nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Asubuhi ya ukaguzi nikafanya nilivyofunzwa kufanya wageni wakija. Nikatandika busati la harusi, nikatundika mapazia ya Idi, nikafukiza udi. Nikapika kahawa, nikapanga halua kwenye sahani za bibi. Mama nikamvisha gauni jipya, maana yale ya kila siku yote yalikuwa yamechanika nyuma. Nilikuwa nimeshayatia viraka mara chungu nzima huku nikikilaani kile kiti kwa kula nguo. Nikamtandikia kanga mapajani ikaanguka mpaka chini, mguu usiokuwepo usijulikane. Ndoo nikaitoa nikaificha uani.

Mama alikuwa akiniangalia tu. "Kuna posa leo?" akaniuliza.

"Wageni wale, mama. Watatuonaje?"

Walikuja watatu. Sheha, fundi na futi yake mkononi, na afisa wa baraza, mwanamke kijana ambaye, kwa bahati yangu mbaya, nilimsomesha darasa la sita. Alinishika mkono kwa heshima zote, akamwamkia mama, akanywa kahawa. Kisha akafungua fomu.

"Mwalimu, samahani, bi mkubwa huwa anafika vipi chooni?"

Swali jepesi hilo. Jibu lilikuwa: mgongoni kwangu, na kwenye ndoo. Lakini nikaona nikisema ndoo mbele ya wanaume wawili na mwanafunzi wangu, itakuwa ndiyo habari ya mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Nikasema, "Anakwenda mwenyewe. Polepole, na gongo lake la kutembelea, lakini anakwenda." Gongo lilikuwa pembeni ya kabati, tangu hospitali halijaguswa.

Afisa akaandika. Fundi akainuka. "Basi nitupie jicho uani, nipime."

"Uani kuna wanawake," nikasema.

Kwetu mwanamume akiambiwa hivyo anakaa. Haulizi wangapi, wala wa nani, wala wanafanya nini. Fundi aliomba radhi, akakaa, akachukua kipande kingine cha halua. Uani kulikuwa na kuku wanne na ndoo.

Yule afisa angeweza kuingia, ni mwanamke. Lakini mwalimu wake keshasema, naye nilimlea mwenyewe asibishane na mwalimu. Akamgeukia mama, akamuuliza kama ana la kuongeza. Mama alinitazama, tena si kwa hasira, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

"Alhamdulillahi," akasema mama.

Hakutaka kuniumbua mbele ya mwanafunzi wangu. Nami nikajifanya nimeambiwa ndiyo.

Jina letu halikutoka kwenye orodha. Lilitoka la jirani wa mbele yetu, anayekaanga bajia, ambaye mumewe amepooza upande mmoja. Yeye aliwafungulia mlango mpaka chooni, akawaonyesha kila kitu, magodoro na yote. Nilikuwa nimemcheka kwa hilo. Nilisema hana haya, tena nilisema kwa sauti.

Wiki nzima tukasikia koleo la fundi likichanganya saruji ng'ambo ya njia. Mama akawa anaomba kiti chake kisogezwe dirishani. Kazi ilipokwisha, akaniomba nimpeleke akaone. Jirani akaja mwenyewe, tukakiinua kiti pamoja kukivusha kizingiti cha mbele, na wala hakunitia neno. Mama akaupanda ule mteremko wa watu kwa mikono yake, akaingia chooni, akafunga mlango.

Alikaa humo muda mrefu. Mie na jirani tulisimama nje na sikuwa na pa kuweka macho. Alipotoka alikuwa amelia, akamshukuru mwenye nyumba, akamwombea dua.

Jioni ile nikaenda kwa sheha. Nikamwambia: nilisema uongo, mama haendi mwenyewe, na uani hapakuwa na mtu. Sheha akaniacha nimalize.

"Najua, mwalimu," akasema. "Nimekuona ukimbeba. Lakini mwenye nyumba akishasema kuna wanawake, nani ataingia?"

Tukasubiri ukaguzi mwengine miezi minane. Nilimbeba kila siku, na kila siku mgongo wangu ulinikumbusha.

Waliporudi sikutandika kitu. Mama alitaka akae kwenye mlango wa uani, sakafuni, na gauni lake la viraka, nikamweka. Fundi ni yule yule. Alipofika karibu na mlango akasita, akaangalia chini kwa adabu.

"Uani kuna wanawake?"

Nilifungua mdomo, mama akaniwahi. "Yupo mmoja. Ni miye. Njoo uone ninavyoshuka mwanangu akiwa skuli."

Sikujua kama anashuka. Akajiburura kwa makalio, kipandio cha kwanza, akapumua, cha pili, mikono imeshika yale mawe yaliyomeguka, na nguo ikikwaruza nyuma yake. Nikayakumbuka magauni yote niliyoyashona huku nikikilaani kiti.

Fundi aligeuka akatazama ukuta.

"Usigeuze uso, baba," mama akamwambia kutoka chini. "Pima."