Nyangi Alivyopungua Mara Mbili

Wanaomkumbuka Nyangi wa Silasi hawaelewani. Wapo wanaosema alikuwa mwanamke mnene kuliko wote pande zile, na wapo wanaosema alikuwa mwembamba, mwepesi wa jembe. Kwenye matanga yake wawili nusura washikane. Silasi mumewe aliwasikia. Wote walikuwa wanasema kweli, na yeye hakuwa na nguvu ya kuanza kueleza.

Nyangi alizaliwa Butiama, akaolewa na Silasi, mkulima wa pamba, nje kidogo ya Bunda. Alikuja mwembamba, na alikuja na mdomo. Silasi ni mtu wa maneno machache, basi yaliyobaki aliyasema mkewe. Jambo moja alilolipenda kwake, ingawa hakuwahi kumwambia, ni kwamba ukianza neno la kuchekesha, Nyangi anacheka kabla hujalimaliza.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini, sukari ilipokuwa hadithi na sabuni inakatwa vipande kwa uzi, Nyangi akaanza kunenepa.

Hakuna mwingine aliyekuwa ananenepa. Wanaume walifunga suruali kwa kamba za katani. Gauni lilimbana Nyangi peke yake, na wala hakuwa anakula: uji nusu kikombe asubuhi, matonge machache jioni, basi. Uso ukajaa, macho yakawa madogo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti ikashuka mpaka mwalimu wa kwaya akamhamishia kwa wanaume wa besi. Alihama bila ubishi, na hapo ndipo Silasi alipoingiwa na hofu. Mwezi wa saba, watu wanachuma pamba jasho likiwatiririka, Nyangi alikuwa amevaa sweta la sufu alilorudi nalo kaka yake Keraryo kutoka Nairobi kabla mpaka haujafungwa.

Na kicheko kikachelewa. Silasi anasema neno wakati wa kula, Nyangi anamtazama. Vyombo vikishaoshwa, ndipo anacheka.

Watu walimsifu Silasi. "Shikamoo, tajiri," walimwambia. "Mwenzetu unalisha." Kilabuni alipewa kiti. Shemeji zake walikuja kutoka Butiama, wakamzunguka dada yao kama wanunuzi mnadani, wakasema, "Shemeji, umetutunzia."

Ukaja mwaka wa kusaka wahujumu uchumi, wanaoficha bidhaa. Mgambo walifika asubuhi, mkubwa wao anaitwa Mwikwabe, ana fimbo.

"Sukari umeficha wapi?"

"Sina."

"Mafuta?"

"Sina."

"Na huyu mama amenenepa na nini?"

"Hata mimi nataka kujua," Silasi alisema. "Mkikipata, mnionyeshe."

Walichimba chini ya kitanda. Walimwaga uani udaga wote, ile mihogo mikavu ya kusaga. Walimwondoa kuku kwenye mayai, wakamrudisha. Mwikwabe akamtazama Nyangi aliyekaa juani na sweta lake.

"Mama, sema ukweli. Huyu mwanaume anakulishaga nini?"

Nyangi akafikiri. Mgambo walingoja, wakachoka, wakaondoka. Walikuwa wameshafika barabarani aliposema, "Udaga."

Silasi hakuwa mtu wa hospitali, ila pamba aliijua. Alijua kuna watu wanaoinyunyizia maji ili mizani ishuke. Gunia linakuwa zito, lakini pamba ni ile ile. Siku moja alimtazama mkewe amelala mchana kutwa, akaliwaza gunia la namna hiyo. Akatoa baiskeli.

Matairi hayakuwepo nchini. Gurudumu la nyuma alikuwa amelijaza matambara na kulifunga kwa vipande vya mpira. Alimpakia Nyangi, akasukuma mpaka Bunda, wakapanda lori la pamba mpaka Musoma.

Daktari alikuwa mama wa makamo, Eufrasia. Hakuangalia tumbo. Alishika shingo, akapapasa.

"Mama, unasikia baridi?"

Kimya.

"Ngoja," Silasi alisema. "Anakuja."

Wakangoja.

"Sana," Nyangi alisema.

Damu ikapelekwa Mwanza, na majibu yakarudi kwa mwendo wa enzi zile. Eufrasia akaeleza. Shingoni mna tezi, kazi yake ni kama moto wa jikoni. Ya Nyangi inazimika, ndiyo maana kila kitu mwilini mwake kinachelewa na kinajaa. Akampa vidonge, kimoja kila asubuhi, tumbo tupu, kwa maji.

"Mpaka lini?" Silasi aliuliza.

"Mpaka mwisho, baba. Na asidhani kidonge kitamkondesha peke yake. Kitaondoa uvimbe na huo usingizi. Unene uliobaki utaondolewa na jembe, polepole. Ila asiache. Akiacha, ipo siku atalala na hamtamwamsha."

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama. Silasi alikitazama, akamtazama mkewe, akakitazama tena.

Mwanzoni vidonge vilikuwa vinapatikana na kupotea. Kisha biashara zikafunguliwa. Mashati na chupa za chai zikaanza kuingia kupitia mpaka wa Sirari, na dawa nazo zikaingia. Pale Mwisenge, Musoma, likafunguliwa duka la dawa lenye kabati la kioo, na Nyangi hakukosa kidonge tena. Uso ukarudi, macho yakafunguka, akaanza kushika jembe.

Eufrasia alitaka wawe wanampima uzito. Zahanati ya kijiji ilikuwa na mizani ya watoto tu, ile ya kuning'iniza. Basi Nyangi akapimwa kwenye mizani ya pamba, ghalani kwa karani Leonardi. Leonardi alisoma, akaguna, kisha kwa mazoea akatoa uzito wa gunia.

"Leonardi," Silasi alisema, "hata mke wangu unanipunja?"

Nyangi alicheka pale pale juu ya mizani, mpaka mshale ukakataa kutulia.

Kila msimu alipungua kidogo, na kila alivyopungua, jina la Silasi likaharibika. Kilabuni kiti kikapata mwenyewe. Wengine walisema amefilisika. Wengine walinong'ona juu ya ule ugonjwa mpya. Maneno yakafika Butiama, na Keraryo akaja na wadogo zake, wakakaa uani bila kugusa chai.

"Shemeji," Keraryo alisema, "tulikuachia mtu. Hapa naona mpini."

"Anapona."

"Anapona anaelekea wapi?"

Nyangi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Keraryo, mliponioza si nilikuwa hivi hivi? Wewe tangu unakojoa kitandani ulikuwaga mbishi tu!"

"Unaona?" Keraryo aliwaambia wadogo zake. "Na hasira zimemwingia. Ni njaa hiyo." Kisha akasema neno ambalo halina jibu: "Mama anakuita."

Mama akiita, haikatazwi. Nyangi alifunga kanga zake, akatia sehemu ya vidonge kwenye kikopo, vingine akaviacha nyumbani. Silasi akamsindikiza mpaka barabarani.

Butiama mama yake alikiona kikopo siku ya kwanza. "Kumbe hivi ndivyo vinavyokukausha," alisema, akavitupa chooni. Nyangi alilia, akaeleza, akagomba. Akapewa maziwa ya mgando na samli, akakatazwa jembe. Siku zikapita. Ubishi ukapungua, wakafurahi. Akaanza kulala mchana, wakasema mwili unatulia. Mashavu yakajaa. Hapo Keraryo akamtuma muuza kuku wa mnada wa Bunda: mwambie Silasi aje amwone mkewe, amenawiri.

Silasi aliusikia ujumbe, akachukua vidonge vilivyobaki, akapanda baiskeli.

Alimkuta Nyangi jua la mchana, kando ya moto, amevaa sweta.

"Mama Wankyo," alimwambia, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "nimekuja kukutoa kabla hawajakupeleka mnadani."

Nyangi alimtazama. Silasi akangoja. Keraryo akaja, akasalimia, akaonyesha kwa mkono kama mtu anayeonyesha zizi lake.

"Unamwona shemeji? Amenona!"

"Namwona."

"Akae mpaka mavuno."

Mbuzi walikuwa wanarudishwa kutoka malishoni wakati Nyangi alipocheka, kidogo, bila sauti, peke yake. Silasi akajua kwamba mavuno ni mbali sana.

Angeweza kugombana, lakini wao walikuwa wengi na pale ni kwao. Kueleza habari za tezi ndiyo kabisa, hakuwa na maneno hayo. Usiku alilala kwa jirani. Alfajiri akarudi na kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa jiko la mama mkwe, akakaa.

Kwao, mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mkwe akija, anakaa kule mlango wa zizi, salamu zinapelekwa na watoto. Mama mkwe alikuwa ameingia jikoni mapema kuwasha moto. Jiko lilikuwa na mlango mmoja.

Keraryo akaja mbio. "Shemeji, sogea hapo."

"Nimechoka."

"Kakae zizini, bwana!"

"Hapa kuna kivuli."

"Kivuli kiko wapi?"

"Kitakuja."

Sauti ikatoka ukutani. "Keraryo! Huyo ni nani hapo nje?"

"Mkweo, mama."

Moshi ukawa unatoka juu ya paa. Silasi akamwita Nyangi, akampa kidonge na kikombe cha maji mbele ya wote. Hakuna aliyemgusa Silasi. Kumgusa ni ugomvi, ugomvi ni kelele, na kelele zitakusanya majirani, na majirani watakuta mkwe yuko wapi na mama yuko wapi.

"Keraryo, anataka nini?"

"Anamtaka mtu wake, mama. Lakini bado hajanenepa vizuri."

"Nakwenda haja mimi!"

"Vumilia kidogo, mama. Tunazungumza naye."

"Anasemaje?"

"Hasemi."

Jua likapanda. Silasi akageuza kigoda kidogo, uso ukatazama milima, ili asiwe mkosefu wa heshima kupita kiasi. Ndani, sufuria ikarushwa. Kisha mama mkwe akaongea tena, safari hii taratibu, na hakumsemesha Keraryo.

"Baba. Wewe uliyeko nje. Hizo dawa zako zinamfanya nini mwanangu?"

Silasi alifikiri. Hakuwahi kusema na mwanamke yule tangu aoe.

"Zinamrudisha, mama. Akizikosa atalala asiamke. Amesema daktari."

"Mbona zinamkausha?"

"Ulimzaa mwembamba, mama. Zinampeleka hapo hapo."

Moshi ukaendelea kutoka. "Keraryo," sauti ilisema, "mpeni mtu wake. Na mumwondoe mlangoni, haraka!"

Silasi akainuka, akakipangusa kigoda, akamrudishia jirani.

Nyangi alikuwa mzito tena. Kupanda, Silasi alisukuma. Kushuka, baiskeli ilikuwa haina breki, na uzito ule uliwashusha kwa kasi ambayo Silasi hakuipenda. Walikuwa wamefika Nyamuswa, wanakunywa maji, Nyangi alipoanza kutikisika mabega.

"Kivuli kitakuja," alisema kwa sauti yake ya besi.

Alianza kupungua mara ya pili. Ilikuwa polepole kuliko mara ya kwanza, na hakurudi kabisa alivyokuwa binti. Leonardi alimpima, akatoa gunia, wakamkumbusha, akarudishia. Mvua zikaja, zikaisha. Jioni moja wanamenya mihogo, Silasi akaanza, "Mama Wankyo, leo nimekutana na Mwikwabe, sasa hivi anauza..." na Nyangi akacheka kabla hajasema anauza nini. Ilikuwa sukari. Silasi akaendelea kumenya.

Msimu uliofuata Keraryo alipita, akamkuta dada yake kajitwika gunia la pamba, mikono wazi, jasho linamtoka. Hakusema mpini. Nyangi akalishusha gunia, akaingia ndani, akatoka na sweta.

"Chukua nguo yako. Mimi nasikia joto."

Aliishi mpaka akazeeka, kidonge kila asubuhi, na alipokufa haikuwa kwa ile tezi ya shingoni.

Siku ya kumzika kulikuwa na jua kali. Keraryo alikuja kutoka Butiama, mzee wa mkongojo, amevaa sweta lile lile la sufu, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, na hakulivua. Silasi alimwona, na neno la kuchekesha likamjia. Akageuza kichwa upande wa kushoto, alikokuwa anakaaga Nyangi.

Akageuza tena mbele.

Neno bado analo, hajalimaliza.